Mifupa ya Tendaguru: wazee waliochimba wawekwe bango gani?

BintiMingoyo

Habari za jioni wanajamvi.

Nafundisha historia kwenye sekondari moja ya serikali hapa Lindi. Klabu yetu inaandaa mabango ya maonesho ya shule kuhusu Tendaguru, kile kilima alikotolewa mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyesimamishwa Berlin. Mabango mengi yamepita bila maneno. Moja limeigawa ofisi ya walimu pande mbili, ndiyo maana niko hapa.

Bango lenyewe linaitwa "Wanasayansi wa Tendaguru". Watoto wamemweka Werner Janensch, wamemweka Edwin Hennig, na katikati yao wamemweka Boheti bin Amrani, mnyapara mkuu wa wachimbaji. Mwenzangu wa baiolojia amelikataa. Anataka Boheti ahamishiwe bango la "Kambi na Usafirishaji", pamoja na wapagazi.

Hoja yake naiweka kwa haki yake, maana si mtu wa kubeza. Anasema Wamwera, wenyeji wa huku, waliishi na mifupa ile vizazi na vizazi, lakini kukiona kitu si kukijua. Hakuna kati yao aliyejua kwamba ni mnyama wa miaka milioni 150 iliyopita. Elimu iliingia 1907 alipofika Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart. Waliobaki walichimba na kubeba. Akanimalizia kwa maneno haya: "Mwalimu, historia si ngoma ya kumtuza kila aliyepita mbele."

Sasa niwawekee ninachokijua, kisha swali.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, alikuwa akizunguka kusini ya mto Mbemkuru kwa ajili ya kampuni ya Kijerumani. Chini ya kilima akaona mfupa mkubwa umetokeza njiani. Vitabu vinasema "aligundua". Mimi hilo neno "njiani" halinipiti. Njia imepigwa na nyayo za watu. Maana yake kila aliyekwenda shamba au msibani kwa kupita pale alikuwa ameshaupita mfupa huo. Lakini ugunduzi unahesabiwa kuanzia siku alipoupita mtu mwenye anwani ya kupeleka barua Ujerumani.

Barua ikaenda. Fraas, aliyekuwa huku kwa shughuli nyingine, akapelekwa Tendaguru akaondoka na mifupa ya kwanza. Kisha makumbusho ya Berlin, chini ya mkurugenzi Wilhelm von Branca, yakachangisha fedha kwa wakubwa na matajiri. Kuanzia 1909 hadi 1913 ikawa kazi ya kweli: Janensch na Hennig mwanzoni, Hans Reck akaja 1912. Zikatoka zaidi ya tani 200. Wachimbaji katika misimu mikubwa walifika karibu 500. Reli hakuna, gari hakuna. Mifupa ilifungwa ikabebwa kichwani, mikubwa ikatundikwa kwenye miti mabegani mwa watu, mpaka bandarini Lindi, kama kilomita 60. Njia hiyo tumeipita na wanafunzi kwa gari, tena kiangazi, na bado tulishuka kusukuma.

Sasa tafakarini hili. Wazungu kwa muda mrefu walikuwa wawili tu, na mashimo mengi, yametawanyika porini. Janensch hawezi kuwa kwenye kila shimo. Nani alikuwa akiamua saa nne asubuhi kwamba hapa tuendelee na hapa tuache? Kwamba hili jiwe na huu mfupa? Kwamba mfupa huu tayari, na ule ukiuvuta leo utageuka unga mkononi?

Waingereza walipokuja kuchimba kuanzia 1924, Boheti akaajiriwa tena. Mkuu wao wa kwanza, Cutler, alikufa kwa malaria 1925. Kijana Louis Leakey alikuwa naye mwanzoni, akarudi masomoni. Bendera ilibadilika, mabwana wakabadilika, na mtu aliyekuwa akikijua kile kilima kutoka utawala mmoja hadi mwingine alikuwa yuleyule.

Majina je? Huyu mrefu alipewa jina mwaka 1914: *Brachiosaurus brancai*, kwa heshima ya mkurugenzi aliyekuwa Berlin. *Dicraeosaurus hansemanni* ni ya mchangishaji wa fedha. *Elaphrosaurus bambergi* ni ya mwenye viwanda. Mwaka 1919 mnyama mmoja mdogo, mla majani, akaitwa *Dysalotosaurus lettowvorbecki*. Ndiyo, Lettow-Vorbeck yuleyule, jenerali wa Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye askari wake walipita kusini hii wakila kila ghala. Boheti alipata mnyama wake 2007, *Australodocus bohetii*. Mtoto wa kidato cha pili alitoa hesabu ubaoni: miaka 98 tangu 1909.

Swali langu: Boheti akae bango gani? Na kama alikuwa na elimu, kwa nini haikubaki huku? Mimi simjui hata fundi mmoja hapa Lindi anayeweza kukitoa kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, ardhini kikiwa kizima.

Mabango yanakwenda kuchapwa wiki ijayo. Tafadhali tusibaki kwenye "wazungu wezi" pekee, hiyo tumeshaisikia.

Ngongo_Kwetu

Wazungu wezi.

Samahani mwalimu, nimeshindwa kujizuia. Ila nikuongezee kitu kwenye mabango yako. Hawakuiba usiku. Mwaka 1895 walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ardhi ya Taji la Ujerumani, na aliyekuwa akiamua kama ina mwenyewe au haina ni wao. Walipotaka kulinda machimbo ya Tendaguru wakatumia hiyohiyo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa na karatasi na mhuri. Mwenye mhuri haibi, anachukua.

MaweNaMaji

Mwalimu, mimi ni mjiolojia. Lindi na Mtwara nimezikanyaga wakati wa utafutaji wa gesi, na kwenye hili nitaanza kwa kumtetea mwenzako wa baiolojia, usininunie.

Miamba ya Tendaguru ina matabaka matatu yenye mifupa, na katikati yake kuna mchanga uliotandazwa na bahari, umejaa makombe. Mfupa haukwambii umri wake. Wanaokwambia ni wale makombe, na ili wakwambie lazima uwe na makabati ya makombe kutoka sehemu nyingine za dunia ya kulinganisha nao. Janensch alijua kwamba mjusi wake ana jamaa Marekani kwa sababu Elmer Riggs alikuwa amemwandika *Brachiosaurus* wa Colorado mwaka 1903, na maandishi hayo yakafika Berlin. Boheti hakuwa na kabati wala maktaba. Hakuna aibu katika kulisema hilo, na ukimpa Boheti elimu ya kabati utakuwa unampa sifa isiyo yake.

Lakini kuna elimu nyingine ambayo Janensch hakushuka nayo melini. Mimi nilitoka chuo kikuu na shahada yangu nikidhani nakijua kisukuku. Tulikuwa na mpishi wa kambi, mtu wa bara ya Lindi, darasa la saba. Tukirudi jioni na mifuko yetu ya mawe, yeye alikuwa akipita kuyaangalia huku sufuria iko motoni: "Hili jiwe, hili jiwe, hili jiwe, huu mfupa." Tukicheka anauchukua anauweka ulimini. Mfupa wa kale mara nyingi unanata kwenye ulimi, jiwe la kawaida linateleza. Mwishowe tukawa tunakwenda naye, na ugali ukawa unaungua kwa zamu. Vitu viwili vya maana katika msimu ule aliviona yeye. Ripoti ilipoandikwa ilikuwa na majina manne, la kwangu likiwamo. La mpishi halikuwamo, na hakuna aliyekataa kuliweka. Hakuna hata aliyelifikiria, na hapo ndipo pananisumbua mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu kwa "kwa nini haikubaki" ni kwamba elimu ya Janensch ilikuwa na mahali pa kukaa: daftari, katalogi, jarida, mwanafunzi wa kuirithi. Ya Boheti ilikuwa inakaa mikononi na machoni mwake. Mashimo yakifungwa, haina shimo la kufundishia mwingine. Ya kwanza ililipwa kwa jina, ya pili ililipwa kwa rupia za mwezi, na rupia zikiisha mambo yameisha.

Tena tusidhani ni ya enzi za Wajerumani tu. Angalia bonde la Rukwa na Songwe. Miaka ya karibuni wametoka mijusi wapya kule, *Rukwatitan* 2014, *Shingopana* 2017, *Mnyamawamtuka* 2019. Majina matamu, ya kwetu kabisa. Sasa nenda kasome waandishi wakuu wametoka vyuo vya nchi gani.

Mzee_Umatumbi

Salaam kwenu vijana.

Nimesoma yote. Mnazungumza kuhusu elimu kama watu waliokutana sokoni kubadilishana. Nitawakumbusha mwaka.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwetu Umatumbini. Kinjekitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti. Vita vikashuka mpaka bara yote ya Lindi, vikapanda mpaka Songea. Wajerumani walipoona risasi haimalizi kazi, wakachoma mashamba na maghala. Wenyewe walikadiria waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wetu wamefika 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa. Sasa mwalimu, huyo profesa wako Fraas alifika Tendaguru mwaka gani? 1907. Vita vimekwisha mwaka huohuo.

Halafu 1909 inatangazwa kazi, mshahara wa rupia, na kodi ya kibanda inadaiwa. Watu wakaja na wake na watoto, kambi ikawa kijiji. Si kwamba walifungwa minyororo. Njaa haihitaji mnyororo.

Hilo mnalijua. Nililotaka kusema ni jingine. Mwenzako anasema wenyeji "hawakujua". Amejuaje? Amesoma waliyoyaandika Wajerumani. Na Wajerumani waliandika waliyoambiwa. Sasa mtu ambaye kaka yake amenyongwa kwa sababu ya dawa ya maji, ambaye amewaona waganga wakisakwa kijiji kwa kijiji, anaulizwa na mzungu mwenye askari: "Hii mifupa nyie mnasemaje? Ni ya nini? Mna mila gani nayo?" Unadhani atajibu nini? Atasema ni zimwi. Atasema hajui. Atacheka. Mzungu ataandika: wenyeji hawajui, wanadhani ni zimwi. Na nyinyi baada ya miaka mia na zaidi mnaisoma mnasema hawakujua.

Marehemu babu yangu alikuwa na usemi wake akiulizwa jambo na mtu wa serikali, serikali yoyote ile: "Mimi mgeni hapa." Mtu amezaliwa hapo, baba yake amezikwa hapo.

BintiMingoyo

Mzee shikamoo. Hilo limenifanya nisimame nikazunguke nyumba kwanza.

Kwa sababu ndivyo tunavyofundisha. Tunasoma "wenyeji waliamini kwamba" na tunaandika ubaoni, mtoto ananakili. Hatumuulizi mwandishi alikuwa amekaa upande gani wa bunduki. Wanafunzi wangu wa klabu walikwenda kuuliza wazee wa vijiji vya karibu na kilima. Walichorudi nacho kilikuwa kingi kuhusu nani alibeba, njia ipi, kijiji gani kililala wapagazi. Kuhusu mifupa yenyewe ilikuwa na maana gani kabla ya wazungu, kimya, au hadithi ambayo unaona wazi imetoka kwa mwongoza watalii. Nilidhani ni kwa sababu ya muda kupita. Sasa najiuliza ukimya huo ulianza lini.

@MaweNaMaji, kaka, habari ya mpishi nitaichukua darasani kwa ruhusa yako. Lakini hapo uliposema Boheti hakuwa na kabati: na Janensch alilipataje kabati? Makombe ya kulinganishia yalitoka wapi, kama si kwa wengine waliotawaliwa, au waliouziwa, au waliopitwa njiani kama sisi? Kabati nalo lina historia yake. Sipingi kwamba lilikuwa muhimu. Napinga kuhesabu kwamba ni akili ya mtu mmoja.

MtangaBerlin

Dada BintiMingoyo, wanajamvi wote, mimi naishi Berlin miaka mingi. Wageni wakinijia kutoka nyumbani nawapeleka kwa mjusi kwanza, lango la Brandenburg baadaye.

Niwaambie palivyo. Unaingia, ukumbi mmoja mkubwa wenye paa la kioo, na yeye amesimama katikati, mita 13.27, mrefu kuliko mifupa ya mjusi yoyote iliyosimamishwa duniani. Watoto wa Kijerumani wanalala chali sakafuni wapate kumwona kichwa. Kichwa hicho ni cha kuchonga, cha asili hakiwekwi juu. Wala si mnyama mmoja: sehemu kubwa ni kutoka shimo moja, mkia ni wa mwingine, na mapengo yamejazwa plasta. Kila shimo lilipewa herufi, huyu anaitwa S. Yaani shimo lina jina, aliyelichimba hana. Picha za kambini zinaonyesha makumi ya watu, wenye majina wanahesabika.

Alisimamishwa 1937. Kuna picha za wakati huo, nyuma yake zinaning'inia bendera za swastika. Kwa hiyo amekuwa mali ya Kaizari, akawa mali ya Hitler, akawa mali ya Ujerumani Mashariki, leo ni wa serikali hii. Wenyewe kwa wenyewe wamerithishana bila tabu.

Sasa mnajua jibu tunalopewa kila tukiuliza kwa nini asirudi: mifupa ni dhaifu, haiwezi kusafiri. Sawa. Mwaka 1984 Ujerumani Mashariki ilimfungua huyu mjusi, ikampakia, ikampeleka Tokyo kwenye maonesho, ikamrudisha. Tokyo alifika. Lindi ndiyo mbali.

Kuwatendea haki, siku hizi makumbusho yenyewe hayafichi kwamba ni mifupa ya wakati wa ukoloni, na kuna wanahistoria wa Kijerumani waliochimbua mambo mengi ya kazi ya Tendaguru na kuyaandika vizuri. Kwa Kijerumani. Mwalimu wa Lindi akitaka kuyasoma ajifunze Kijerumani, na akitaka kuuona mfupa wenyewe aombe viza. Mimi hapo ndipo naona swali lako la "kwa nini haikubaki" bado halijapita. Haibaki hata leo.

Ngongo_Kwetu

Na bungeni suala la mjusi limeulizwa zaidi ya mara moja, majibu mnayajua, tushirikiane nao, watujengee hiki na kile. Fuvu la Mkwawa lilirudi 1954 na wala hatukuwa na uhuru. Fuvu la Zinj, yule wa kale wa Olduvai, lilikwenda kuchunguzwa likarudi, liko Dar. Inawezekana.

Mwaka 2023 rais wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa ajili ya Majimaji. Vizuri. Mimi nilikuwa namsikiliza redioni nikasema labda na hili la mifupa atalitaja.

KalamuNyekundu

Nimetumiwa hii mada na mwanafunzi. Mimi ndiye mwalimu wa baiolojia. Mwalimu mwenzangu tunakaa meza zinazotazamana na ameona ni vyema kuniuliza kupitia mtandao, sawa, tuko hapa.

Mzee, shikamoo. Hoja yako ni nzito na sina cha kuipunguzia. Lakini naomba niseme: ukimya si ushahidi wa elimu, kama ambavyo si ushahidi wa ujinga. Nikikubali kwamba walinyamaza, bado siwezi kuwaandikia watoto walichonyamazia. Nitakuwa nafanya kama Mjerumani, najaza kinywa cha mtu maneno yangu. Afadhali pengo liandikwe kuwa ni pengo.

Ndugu mjiolojia, nakushukuru kwa kunitetea nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo iliyonigusa, kwa sababu maabara yetu ya shule ina mtu wa kuosha vifaa ambaye anajua darubini ipi ina tatizo gani kuliko mimi. Sijawahi kumwita mwanasayansi. Sina hakika kama nitaanza. Ila wiki iliyopita alinizuia nisiunguze lenzi.

Kuhusu Boheti. Nilikuwa nasema aende bango la usafirishaji. Nakubali kwamba hapo si pake. Hakuwa mpagazi, na kazi ya kuamua mfupa utoke vipi ni kazi ya kisayansi, hata leo ina kozi yake na watu wanalipwa vizuri kwayo huko nje. Lakini sikubali awe katikati kwa picha kubwa kuliko Janensch, kama watoto walivyofanya. Janensch aliifanyia kazi ile mifupa miongo mingi baada ya kutoka huku. Bila kazi hiyo ingekuwa tani 200 za mawe kwenye ghala.

MaweNaMaji

Na bila Boheti lingekuwa ghala tupu. Endelea.

KalamuNyekundu

Nilikuwa naendelea. Pendekezo langu: wote watatu bango moja, picha ukubwa mmoja. Chini ya kila mmoja mistari miwili, kile alichokijua na kile ambacho hakuweza kukijua bila mwenzake. Kwa Janensch iandikwe wazi kwamba hakujua pa kuchimba, na hakujua lugha ya watu aliowaajiri alipofika. Kwa Boheti iandikwe kwamba umri wa mifupa ulijulikana Ulaya. Asionewe mtu.

BintiMingoyo

Nakubali ukubwa mmoja. Mistari miwili nakubali. Sikubali "hakuweza kukijua" kwa Boheti. Hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba mtu alijaribu kumweleza. Tuandike "hakuelezwa", au tuandike hatujui kama alielezwa. Huwezi kusema mtu hakuweza kusoma kitabu ambacho hakupewa.

Mzee_Umatumbi

Hapo mwalimu ameshika penyewe.

KalamuNyekundu

Tukiandika "hakuelezwa" na hatuna ushahidi kwamba hakuelezwa, ni kosa lilelile. "Hatujui kama alielezwa" nitaisaini.

BintiMingoyo

Sawa, hiyo. Na bango la wazee wa vijijini, wale walioulizwa na klabu, nalirudisha. Nitawaacha watoto waandike maswali waliyouliza yasiyojibiwa, yote, na nafasi tupu chini yake ya kutosha mtu kuandika kwa kalamu. Maonesho yanakuja na wazazi, huwezi kujua nani atasimama mbele yake.

@MtangaBerlin, kaka, nahitaji kujua kama picha ya Boheti inaruhusiwa kuchapwa na shule bila malipo, na kama kuna yenye ukubwa wa kutosha bango la mita moja. Tuliyonayo tumeitoa mtandaoni, ukiikuza uso unapotea.

MtangaBerlin

Jumatatu naandika barua pepe. Kwa makumbusho haya nimeshawahi kuomba picha nikapewa, fomu ilikuwa ndefu lakini walijibu. Nitumie jina la shule faraghani, watataka mhuri.

Ngongo_Kwetu

Mhuri tena.